Waya wa Kijani Chini ya Blanketi

Alitumwa kupeleka beseni tu. La plastiki, la bluu, la kumwogeshea mtoto mchanga. Hakutumwa kuona alichokiona, na mpaka leo ukimwekea nyama mezani anasukuma sahani.

"Lipeleke sasa hivi, giza halijaingia," mama yake alimwambia. Alikuwa amesimama uani, peku kama kawaida yake, maji ya kufulia yakimpita kati ya vidole. "Mama mkwe wa mdogo wako anataka mtoto aogeshwe kwenye karai la bati. Lina kutu lile! Mjukuu wangu na kutu wapi na wapi?"

"Nalipeleka. Na wewe vaa kandambili, mama. Uani kuna maji."

"Za nini? Si nipo kwangu?"

Mabishano hayo yalikuwa ya miaka. Mwanamke huyu aliyetumwa alikuwa fundi umeme, na watu wote walimwita Testa, kwa sababu ya ile bisibisi ya kupimia umeme aliyoichomeka nyuma ya sikio asubuhi mpaka jioni. Siku ya harusi ya mdogo wake alikwenda nayo hivyo hivyo. Kwenye kila picha ipo, inang'aa kuliko bibi harusi. Akiona mtu amesimama peku kwenye maji karibu na chuma, Testa humfokea avae kitu, maana amewahi kumwona mtu wa hivyo akibebwa maiti.

Alikuwa ametoka kazini. Mkoba wa vifaa begani, na chini ya kwapa ile fimbo ndefu ya shaba ambayo mafundi huipigilia ardhini, kwa kuwa mteja wa mchana alikuwa ameahirisha kazi. Hakuona haja ya kuishusha. Akashika beseni, akaenda hivyo hivyo, fimbo huku beseni kule.

Shemeji yake alikuwa kizingitini. Kazi yake kuosha magari, na mabuti yake ya mpira hayavui mpaka anapopanda kitandani.

"Shemeji, hiyo nondo ya nini? Umekuja kunipiga?"

"Ukimsumbua mdogo wangu, ndiyo."

Walicheka. Kisha Testa akavuka kizingiti.

Harufu.

Ilikuwa harufu ya bandeji iliyosahaulika juu ya kidonda. Tamu kidogo... halafu chini ya utamu, uvundo. Iliingia puani ikakaa kwenye ulimi, kama mafuta yaliyoganda.

"Panya kafia darini," shemeji alisema. "Utazoea."

Mdogo wake alikuwa chumbani, amemlaza mtoto mapajani. Mtoto wa siku saba. Kitovu kilikuwa kimedondoka asubuhi hiyo, na bibi mwenye nyumba, yule mama mkwe, alikuwa ameng'ang'ania kwamba jioni hii hii aogeshwe mwili mzima. Mdogo mtu alinyanyuka kumkumbatia dada yake, na Testa akaona anachechemea.

"Mguu una nini?"

"Kijipu tu, dada."

"Hebu."

Alikaa, akageuza unyayo. Testa alitamani asingeomba. Kilikuwa kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha soda, na katikati kulikuwa na shimo lenye maji mazito yasiyotiririka. Lakini kilichomtia kinyaa hasa ni kingo zake. Zilikuwa za kijani. Kijani kile kile cha shaba iliyonyeshewa mvua kwa miaka.

"Kilianza lini?"

"Tangu bomba lianze kuniuma."

"Bomba linakuuma?"

"La bafuni. Nikilishika linaning'ata mpaka kwenye kiwiko. Mume wangu halimuumi. Bibi enzi akitembea halikumuuma. Ni mimi tu." Akashusha sauti. "Bibi anasema nitazoea."

Hapo Testa akapumua. Alikaribia kucheka. Mambo ya harufu hakuyajua, lakini bomba linalouma alilijua kama kiganja chake.

"Mume wako anaingia bafuni na mabuti yake ya mpira, ndiyo maana. Wewe unaingia peku. Niambie, kuna fundi bomba alipita hapa?"

"Miezi miwili iliyopita. Bomba la chini lilikuwa limeoza. Akaling'oa lote, kutoka ukutani mpaka barabarani, akatia la plastiki."

"Basi! Kesi imekwisha."

Akamweleza mdogo wake kama anavyowaeleza wateja. Nyumba za zamani zilifungwa hivi: vyuma vyote vya ndani, mabomba na fremu na masinki, viliunganishwa kwa waya mmoja wa kijani, na waya ukabanwa kwenye bomba la maji. Bomba lenyewe lilikuwa la chuma na lilizama ardhini, kwa hiyo umeme wowote uliopotea njia uliteremka nalo ukaishia huko chini. Sasa anakuja mtu anang'oa chuma, anatia plastiki. Plastiki haipitishi kitu. Umeme unabaki ndani ya nyumba, unazunguka kwenye mabomba, unatafuta pa kushukia. Atakayeligusa bomba akiwa peku kwenye sakafu yenye maji, huyo ndiye anakuwa njia.

"Kwa hiyo mimi ndiye njia," mdogo mtu alisema polepole.

"Ndiyo. Nitaupa njia nyingine. Fimbo si hii hapa?"

Kutoka chumba cha pili, nyuma ya ukuta, ikaja sauti nyembamba, yenye adabu.

"Mwanangu... maji yapo? Mwogeshe mtoto. Kwenye karai, chini ya bomba. Na uvue viatu, usije ukateleza naye."

Ni bibi. Alikuwa hatoki kitandani kwa sababu ya mguu uliomuuma miaka ishirini, mguu ambao nyumba nzima iliufahamu na hakuna aliyewahi kuuona. Kila siku alijifunga bandeji mwenyewe, mlango umefungwa.

"Msimwogeshe kwanza," Testa alisema. Akaenda kuzima meinswichi. Taa zikakatika, na nje bado kulikuwa na mwanga hafifu wa jioni dirishani. Akawasha tochi ya simu, akaingia bafuni, akachutama mbele ya bomba. Akatoa testa sikioni, yenye kitaa kinachowaka penye umeme, akaigusisha kwenye chuma. Umeme alikuwa ameuzima kwa mkono wake. Alipima kwa mazoea tu, kama unavyousukuma mlango ambao umetoka kuufunga.

Iliwaka.

Testa aliitoa. Akaifuta kwenye suruali. Akaigusisha tena.

Ikawaka. Na haikuwaka rangi yake ya siku zote, ile nyekundu ya kaa la moto. Iliwaka njano. Njano nzito, ya usaha. Ikapanda... ikafifia. Ikapanda... ikafifia. Testa alihesabu bila kutaka, na polepole akatambua kwamba alikuwa anahesabu pumzi. Nyuma ya ukuta bibi alikuwa anavuta hewa, na taa inapanda. Anaitoa, inafifia.

Kwenye mdomo wa bomba kulikuwa na tone. Halikudondoka. Lilirefuka tu, likawa uzi, uzi wa ute, ukashuka mpaka kwenye karai la bati na bado haujakatika.

Nywele zilimsimama. Lakini mikono ya fundi haisubiri kichwa. Tochi ikafuata bomba mpaka chini, kwenye klempu ya shaba iliyobana waya wa kijani. Waya mmoja ulikwenda kwenye meinswichi, sawasawa, kama inavyotakiwa. Wa pili ulitambaa sakafuni kama mita tatu, ganda lake limevimba na kupasuka, ukaingia kwenye tundu la ukutani.

Ulikwenda chumbani kwa bibi.

Testa alipiga moyo konde, akasukuma mlango. Uvundo ulikuwa hapo, wote, umekaa kama mgeni rasmi. Bibi alilala kwenye kitanda cha chuma, uso wake laini, mashavu yamejaa, meno meupe yote yamo. Mgonjwa wa miaka ishirini! Wagonjwa wa miaka ishirini hawawi hivyo. Waya ulitoka ukutani, ukapanda mguu wa kitanda, ukaingia chini ya blanketi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi." Alitabasamu. "Usifunue, mwanangu. Utakosa usingizi."

Testa akafunua.

Bandeji ilikuwa imelegea. Waya ulikuwa umechunwa ganda, na shaba tupu iliingia kwenye muundi wa mguu wa bibi, ndani kabisa, kwenye nyama. Nyama ilikuwa imeota juu yake. Ilikuwa imeikumbatia, kama mti unavyomeza msumari. Pale ilipoingilia kulikuwa na povu la kijani, na povu lilikuwa linapumua, linatunga na kupasuka, linatunga na kupasuka, na kila likipasuka ile harufu tamu inapanda mpaka kwenye macho. Mate yalimjaa Testa mdomoni.

"Nani... nani alikufanyia hivi?"

"Marehemu mume wangu. Fundi umeme kama wewe, na fundi hasa." Alinong'ona kwa fahari, kama anasifia chakula. "Nilikuwa nakufa. Mganga akatuambia ugonjwa huu hauponi, unahamishwa tu. Mume wangu akasema, kama unahama basi una njia, na mimi njia ndiyo kazi yangu. Akanifunga kwenye bomba. Miaka yote hiyo ukawa unashuka ardhini, haumdhuru mtu. Sasa yule fundi bomba na plastiki yake..."

"Unamshukia mdogo wangu! Na wewe unajua!"

"Hata mimi nilimwonea huruma," bibi alisema. "Lakini mguu wake sasa umeziba, haupitishi vizuri. Mtoto bado mlaini. Ni kidogo tu, mwanangu. Hata hatakumbuka."

Na hapo, nyuma ya ukuta, Testa akasikia sauti ambayo hakuitegemea.

Maji.

Yanadondoka kwenye bati.

"Umeme si umezimwa?" shemeji alikuwa anasema kule kwa sauti ya mtu mwema asiye na habari. "Mwogeshe tu, mke wangu, mama asije akanuna."

Testa hakumbuki alivyotoka mle. Anakumbuka mlango wa bafuni, na mdogo wake amechutama peku kwenye maji, mtoto kwenye mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeshika koki. Koki haimwachii. Vidole vimekaza mpaka vimekuwa vyeupe, taya limefungika, macho yanamwangalia dada yake na hayawezi kusema neno. Karai lilikuwa limegusana na bomba. Kisigino cha mtoto kilining'inia juu ya maji ya karai, urefu wa kidole. Mkono uliomshika ulikuwa unatetemeka na kushuka... unashuka...

Mtu aliyenaswa humshiki kwa mkono. Ukimshika mnakuwa wawili. Hilo Testa alilijua hata akiwa amelala.

Akanyakua beseni la plastiki. Akalirudisha nyuma kwa nguvu zake zote, akampiga mdogo wake kwenye kifundo cha mkono.

Beseni lilipasuka. Mkono ukaachia. Mdogo mtu alianguka kwa mgongo, mtoto juu ya kifua chake, na mtoto akalia. Mkavu, mzima. Testa aliupangusa unyayo wake mdogo kwa kidole gumba, akautazama kwa tochi, akautazama tena. Safi. Hapo ndipo alipotapika, ndani ya lile karai.

"Shemeji! Chukua nyundo! Twende nje!"

Maskini shemeji hakuuliza. Nyuma ya bafu walipigilia ile fimbo ya shaba, yeye anagonga, Testa anashika, mpaka ikabaki shubiri moja juu. Testa akavaa glavu za mpira. Ule waya uliopasuka sakafuni akaukata ncha zote mbili, huku kwenye klempu na kule ukutani, akauondoa wote. Akaweka mpya, akauunga na kipande kilichotoka chumbani kwa bibi. Akaukaza kwenye klempu, akautoa dirishani, akaufunga kwenye fimbo. Angeweza kumkatia bibi kabisa, na roho ilimtuma amkatie. Lakini hakujua ugonjwa usio na njia unakwenda wapi, na ndani ya nyumba kulikuwa na watu.

Aliukaza mzunguko wa mwisho.

Ardhi ikatoa sauti. Mlio mdogo, wa mtu anayenyonya supu. Udongo kuzunguka fimbo ukalowa, ukaanza kutunga povu, na minyoo ikatoka. Mingi. Myeupe, iliyovimba, inapanda juu kama inakimbia kitu, ikifika kwenye hewa inapasuka mmoja mmoja. Shemeji aliinama ukutani akaachia chakula chote cha mchana.

Ndani, alipoigusisha testa kwenye bomba, haikuwaka. Na kutoka chumbani bibi alishusha pumzi ndefu ya raha.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Mume wangu angekupenda sana."

Testa alikusanya vifaa vyake haraka, mikono ikifanya kazi yenyewe kama ilivyozoea: plaizi mfukoni, nyundo kwa mwenyewe, waya uliotolewa ukakunjwa mviringo ukatiwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba. Fundi hatupi shaba. Macho yake yalikuwa kwa mtoto, na hata hakujua mikono imetia nini wapi. Usiku ule ule mdogo wake na mtoto walihamia kwa mama yao, alikokuwa anaishi Testa pia. Shemeji alibaki kumlinda mama yake, shingo upande.

Siku ya nne, mchana, Testa akiwa juu ya ngazi kwa mteja, simu ikaita. Ni shemeji, sauti imekauka.

"Mama ametutoka alfajiri."

"Pole, shemeji. Pole sana." Na alimaanisha, kiasi.

"Shemeji... tulipomfungua bandeji... mguu umepona. Hauna hata kovu. Msafi kama wa msichana. Ule waya wenyewe tuliukuta sakafuni, umetoka. Na ile fimbo ya nje, kuizunguka majani yameota. Mabichi, mazuri. Basi huo ugonjwa umekwenda wapi? Maana ardhini haupo."

Testa alishuka kwenye ngazi. Akakaa kwenye kidato cha chini kabisa. Akauvuta mkoba, sijui kwa nini, akafungua mfuko wa pembeni.

Ulikuwa mtupu. Ndani kulibaki ute tu, ulioganda kwenye mshono.

Alikwenda nyumbani mbio, ngazi aliiacha kwa watu. Alimkuta mama yake uani, anaanika nepi, anaimba kwa pua. Alikuwa amefunga kamba mpya. Ilianzia kwenye bomba la chuma la uani, ikapita juu ya nepi zote nyeupe, ikaishia kwenye nondo za dirisha. Kamba ya kijani. Ganda lake limevimba na kupasuka.

"Umerudi mapema," mama alisema. "Nimeukuta kwenye mkoba wako, nikasema waya mzima huu unakaa bure. Ndio naanikia tangu juzi, wewe unatoka alfajiri unarudi usiku."

"Mama. Toka kwenye maji."

"Ila bomba lako siku hizi linauma! Nilikuwa nataka nikwambie. Si sana, kama mdudu tu." Alinyanyua mguu mmoja peku, akajikuna kisigino kwa kidole cha mguu wa pili. Kisigino kilikuwa na kidoa, kidogo, cha ukubwa wa punje ya dengu. Kingo zake za kijani.

Testa alisikia sauti yake mwenyewe inatoka mbali, inanong'ona.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kalala mgongoni kwangu, humwoni? Mdogo wako kaenda kliniki na mguu wake, kaniachia. Nimeshamwogesha, jana na leo." Mama alimgeuzia mgongo, amwone. "Beseni si mmelipasua? Na mimi sina jingine. Nikaona bora hivyo kuliko akae na jasho. Nikatumia karai la bati, nikaliweka hapo chini ya bomba."

Upepo ukavuma uani, nepi zikainuka zote pamoja, na ile harufu ikaja. Tamu kidogo.

Testa akavua kandambili zake, akazisogeza mbele ya miguu ya mama yake. "Vaa," alisema. Mara hii mama hakubishana. Kisha akanyoosha mikono, akampokea mtoto aliyefungwa shuka toka kichwani mpaka vidoleni, akakaa naye kizingitini, mbali na maji. Mtoto alikuwa wa moto. Akaanza kumfungua, taratibu, kuanzia miguuni.